Kivuli na Familia: Usanifu wa Makao ya Watoto Yatima Jangwani

Makao ya watoto yatima yanayojengwa jangwani hukabiliwa na madai mawili. Jua kali, upepo wa vumbi na uhaba wa maji hudai jengo linalojua kujikinga. Mtoto aliyepoteza wazazi hudai mahali pa kupaita kwao. Mara nyingi madai hayo hutenganishwa: mhandisi huachiwa joto, ofisa wa ustawi wa jamii huachiwa mtoto, na kinachojengwa ni ukumbi mrefu wa mabati wenye safu za vitanda, katikati ya uwanja mtupu uliozungushiwa ukuta. Jengo la namna hiyo humchoma mtoto mchana na kumpoteza katika umati usiku. Usanifu mzuri huyajibu madai yote mawili kwa maamuzi yaleyale. Nyumba ndogo zilizosogeleana, zenye ua wa ndani na vizingiti vinavyoeleweka, ndizo zinazoleta kivuli na hewa, na ndizo pia zinazoleta ukaribu wa kifamilia.

Mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi uko Tadjourah, nchini Djibouti, ambako nyumba 15 zilisanifiwa kwa ajili ya shirika la SOS la vijiji vya watoto, baada ya ukame mkali ulioikumba Pembe ya Afrika mwaka 2011. Mradi ulikamilika mwaka 2014. Wasanifu wake, ofisi ya Urko Sanchez Architects inayofanya kazi Kenya na Hispania, walikuwa wameshajenga Lamu, kwa hiyo miji ya mawe yenye vichochoro haikuwa ngeni kwao.

Nyumba badala ya bweni

Sababu ya kuliacha bweni ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya usanifu. Utafiti uliofanywa Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Kwa njia ya kura, baadhi yao walipelekwa katika familia za malezi na wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa wakiwa bado hawajatimiza takriban miaka 2. Mtoto mdogo huhitaji mtu mmoja anayemjua kwa sauti na kwa harufu, si wahudumu wanaobadilishana zamu.

Sera za dunia zimefuata mkondo huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua njia mbalimbali za kumlea mtoto aliyekosa familia yake, ikiwemo kafala ya sheria ya Kiislamu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inaelekeza kwamba taasisi iwe kimbilio pale tu inapofaa kweli, na pale inapobidi iwe ndogo na ifanane na familia. Kenya nayo ina mkakati wa kitaifa wa miaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha katika familia na jamii. Msanifu majengo hana budi kuanza kazi akijua kwamba jengo lake ni hatua ya pili, baada ya shangazi, babu na jirani kutafutwa.

Wazo la kijiji cha watoto lilitekelezwa na Hermann Gmeiner huko Imst, Austria, mwaka 1949, likiwa na nguzo nne: mama, ndugu, nyumba na kijiji. Mama mlezi huishi na watoto wa umri tofauti, na ndugu wa damu hawatenganishwi. Miaka kumi na moja baadaye, msanifu Aldo van Eyck alikamilisha makao ya watoto 125 mjini Amsterdam. Aliligawa jengo kubwa katika vyumba vidogo vyenye kuba, nyua na njia ya ndani iliyofanana na mtaa, ili mtoto asimezwe na ukubwa wake. Huko, hata hivyo, watoto walipangwa kwa makundi ya umri. Uzoefu wa vijiji vya watoto unaelekeza kwingine: mkubwa na mdogo wakae chini ya paa moja, kwa kuwa ndivyo ndugu wanavyokaa.

Kuisoma ardhi

Jangwa si moja. Tadjourah ni mji wa kale wa Waafar, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ghuba ya Tadjoura, unaojulikana kwa nyumba zake nyeupe na misikiti yake saba. Uko karibu nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Aprili na mwezi Agosti. Katika majira ya joto halijoto hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na upepo mkavu uitwao khamsin hubeba vumbi kutoka bara. Bahari iliyo karibu huongeza unyevu hewani, kwa hiyo hata usiku joto halishuki sana. Makao yaliyosanifiwa kwa ajili ya jangwa la bara, ambako usiku huwa baridi, hayawezi kunakiliwa hapa bila kufikiri.

Mvua ni chache mno. Katika mji mkuu wa nchi hiyo wastani wa mwaka haufiki milimita 200. Lakini uchache huo ndio unaodanganya. Mvua ikija huja kwa ghadhabu, na mabonde makavu hujaa maji kwa muda mfupi, kama Djibouti ilivyoshuhudia katika mafuriko ya Novemba 2019. Wakazi wa kaskazini mwa Kenya huyaita mabonde hayo laga, na hawajengi ndani yake hata yakionekana makavu kwa miaka. Hatua ya kwanza ya kuchagua kiwanja, kwa hiyo, ni kuwauliza wachungaji wazee maji hupita wapi.

Ardhi ina watu pia. Waafar wengi walikuwa, na baadhi bado ni, wafugaji wa kuhamahama. Makazi yao ya jadi ni vibanda vya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka ya makuti ya mkoche, vinavyobomolewa na kubebwa na ngamia. Hewa hupenya kwenye mikeka, na sehemu kubwa ya maisha hupita nje. Mtoto aliyetoka katika maisha hayo akifungiwa chumba chenye dirisha moja dogo huona amefungwa kweli. Hivyo nyumba ya kudumu haina budi kumwachia nafasi ya kutandika mkeka nje, kulala uani na kuziona nyota.

Mji mdogo wa watoto

Jibu lililochaguliwa Tadjourah ni medina, yaani mji wa kale wa Kiarabu wenye njia nyembamba, uliopunguzwa ukubwa hadi kufaa watoto. Nyumba zote zinafuata mpango mmoja wa ndani, lakini zimegeuzwa na kupangwa kwa namna tofauti, kiasi kwamba hakuna kona inayofanana na nyingine. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Safu ya nyumba zinazofanana kabisa humkumbusha mtoto kwamba yeye ni mmoja wa wengi. Mlango wenye pembe yake, kivuli chake na mti wake humwezesha kusema pale ndipo petu.

Kusogeleana kwa nyumba kunafanya kazi mbili. Kwanza, kuta hutiliana kivuli asubuhi na alasiri, wakati jua la pembeni linapopiga kuta za mashariki na magharibi, na njia iliyo katikati hubaki na nafuu kwa muda mrefu wa mchana. Saa sita, jua likiwa utosini, kivuli cha kuta hakisaidii tena; hapo huhitajika paa linalotokeza, fito zilizotambaliwa na mimea, au turubai. Pili, njia nyembamba haiingizi gari. Pasipo gari, njia na viwanja vidogo hugeuka uwanja wa michezo, na mama aliye jikoni husikia mchezo wote bila kutoka nje.

Mwambao wa Waswahili una ujuzi wake katika jambo hili. Katika mji mkongwe wa Lamu, mtaa huishia kwenye daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango. Mgeni hupokewa hapo bila kuingia ndani, na mwenye nyumba hukaa hapo bila kutoka mtaani. Ngazi hizi za faragha, kutoka kiwanja cha wote hadi njia ya majirani, kisha kibaraza, kisha ua, kisha chumba, humpa mtoto aliyejeruhiwa uwezo wa kuchagua akae karibu na watu kiasi gani. Anaweza kuanza kwa kutazama akiwa kizingitini, na kesho akasogea.

Ndani ya nyumba

Kitovu cha nyumba ni ua na jiko, wala si ofisi ya msimamizi. Jiko likiwa linatazama uani, upishi, kazi za shule na ugomvi wa watoto huonwa na mtu yuleyule, na ulezi haulazimiki kuwa ulinzi. Chakula kipikwe katika kila nyumba. Jiko moja kubwa la kijiji kizima hurahisisha hesabu, lakini humnyima mtoto nafasi ya kujua chapati hupikwaje na sukari huwekwa wapi.

Vyumba vya kulala viwe vya watoto wachache, vikitenganisha wavulana na wasichana kadiri umri unavyotaka, na kila mtoto awe na kabati lake lenye kufungwa. Mtoto aliyehamishwa mara nyingi huwa na vitu vichache, na kuvitunza ni sehemu ya kupona. Madirisha yawe na kingo za chini zinazolingana na macho ya mtoto, na swichi na vitasa viwe mahali anapofikia. Chumba cha mama kiwe karibu na cha wadogo, ili anayeamka usiku asikike.

Kukinga jua, kukaribisha upepo

Karibu na ikweta, paa ndilo linalopokea jua kali zaidi. Paa la tabaka mbili lenye nafasi ya hewa katikati, au la zege lililopakwa chokaa nyeupe, hupunguza joto linaloshuka chumbani. Kuta nene hufyonza joto mchana na kulitoa saa nyingi baadaye. Katika jangwa la bara hiyo ni neema, maana usiku wa baridi hulihitaji. Pwani, ambako usiku wenyewe una joto, ukuta mnene bila upepo hugeuza chumba kuwa tanuri, kwa hiyo mzunguko wa hewa ndio hutangulia.

Hewa huzunguka ikiwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Matundu yawekwe pande mbili za chumba, ya chini upande wa upepo na ya juu upande wa pili. Upepo usipofika chini kwa sababu ya nyumba zilizosongamana, huletwa na mnara. Minara ya upepo imetumika kwa karne nyingi Yazd, Iran, na pia Cairo, ambako Hassan Fathy aliitetea na kuifufua katika karne ya 20. Mdomo wa mnara huwa juu ya mapaa, ambako upepo ni wa kasi na una mchanga kidogo, na huuteremsha hadi chumbani. Upepo ukitulia, jua huchemsha hewa iliyo mnarani, hewa hiyo hupanda, na kuivuta ile ya vyumbani itoke. Tadjourah minara ya namna hiyo iliwekwa pale ambapo matundu ya kawaida hayakutosha. Haitumii umeme, na mtoto hujifunza kufungua na kufunga vizuizi vyake kadiri upepo unavyobadilika.

Maji na mimea

Bustani jangwani hailetwi kwa mpira wa maji wa kutwa nzima. Maji ya kunawia na kuoshea vyombo, yakichujwa, hutosha miti michache kwa kila ua. Mgunga, mkoche, mtende na mwarobaini huvumilia ukame na hutoa kivuli au matunda. Tahadhari kubwa ni juu ya mti unaoitwa mathenge nchini Kenya: ulipandwa sehemu nyingi kavu kuzuia jangwa, kisha ukavamia malisho Baringo na nchi ya Waafar, na miba yake hujeruhi watoto na mifugo.

Katika mpango wa Tadjourah wakazi walihimizwa kutunza mimea yao wenyewe na kula matunda yake. Kwa mtoto aliyezoea kupoteza, mche unaoendelea kuwepo kesho yake ni somo la uaminifu ambalo halifundishwi kwa maneno.

Mafundi, malango na siku za mbele

Makao haya yajengwe kwa vifaa vinavyopatikana na kwa mafundi wa mahali, ili bomba likipasuka au lipu ikibanduka, wa kulitengeneza awe mtaa wa pili. Mtambo wa kupozea hewa unaotegemea jenereta hufa pamoja na bajeti yake, lakini kivuli hakina ankara.

Lango nalo lipangwe kwa makini. Ulinzi unahitajika, lakini watoto wasome shule ya mji, waswali msikiti wa mji na wanunue dukani kama wengine. Kiwanja kilicho nje kabisa ya mji, hata kikitolewa bure, humgharimu mtoto majirani.

Mwisho, kwa kuwa lengo la sera ni watoto kurudi katika familia, jengo lisifungwe na kazi moja. Bweni likikosa watoto hubaki gofu au ghala. Nyumba za kawaida zenye jiko, ua na kibaraza huweza kukaliwa na familia za malezi, na vijana wanaoanza kujitegemea, au na wakazi wengine wa mji, na kijiji kikaendelea kuwa mtaa miongoni mwa mitaa.