Fahamu: Kwa nini sepsisi huua hata mgonjwa aliyefikishwa hospitali

Kidonda cha mguu, homa ya mapafu au maambukizi baada ya kujifungua vinaweza kuanza kidogo tu. Sepsisi hutokea pale mwili unapopambana na maambukizi hadi kuumiza viungo vyake wenyewe. Mwaka 2017 ilihusishwa na vifo takriban milioni 11 duniani.

Anayekufa wodini mara nyingi ni yule aliyefika amechelewa. Mtu wa Kiboko, nchini Kenya, akiugua usiku, anatafutiwa gari la kumfikisha hospitali ya Makindu kwenye barabara ya Mombasa, na kila saa bila antibiotiki inamgharimu. Umri nao una uzito: watoto wachanga na wazee ndio dhaifu zaidi. Virusi vya Ukimwi, utapiamlo, kisukari na figo mbovu huongeza hatari. Vivyo hivyo vijidudu vilivyozoea dawa.

Kuna dalili zinazomwambia daktari kwamba hali ni mbaya: presha kushuka, kupumua mbiombio, mkojo kupungua, mgonjwa kuchanganyikiwa.

Hata tiba inataka uangalifu. Utafiti wa FEAST, uliotolewa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali Kenya, Uganda na Tanzania. Waliomiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi: takriban 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Matokeo hayo yalishtua madaktari wengi, na ni sawa yalivyowashtua.

Mgonjwa mwenye homa akianza kuweweseka, msisubiri kupambazuke.