Kutoka Uwanja wa Kata hadi Jukwaa la Tuzo: Njia ya Vikundi vya Maigizo vya Vijana

Kila msimu wa matamasha ya sanaa unapokaribia, swali moja hurudi katika ofisi za kata, kuanzia Usa River hadi Ngarenanyuki: kwa nini vijana wanaotaka kuigiza mbele ya majirani zao waambiwe kwanza watafute kibali? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ndilo huamua iwapo kazi yao itaishia kwenye uwanja wa shule ya msingi au itafika Bagamoyo, Unguja na katika ukumbi wa tuzo.

Ukumbi wa tuzo hauko mbali kama wengi wanavyodhani. Tuzo za Filamu Tanzania, zinazoratibiwa na Bodi ya Filamu, zilianza mwaka 2021 na kilele chake kilifanyika Mbeya. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, kilele kilihamia Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Katika kituo hicho hicho, tarehe 28 Aprili 2022, ilizinduliwa filamu ya The Royal Tour iliyomshirikisha Rais Samia Suluhu Hassan. Historia ya filamu chini ya Mlima Meru ni ya zamani zaidi. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 chini ya mwongozaji Howard Hawks, ilipigwa kwa sehemu kubwa huko Momela. Ilifika hadi kushindania tuzo ya Oscar katika kipengele cha upigaji picha, na mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alivutiwa na eneo hilo kiasi cha kununua shamba na kukaa. Mlima ulikuwa wa Meru, na hata jina la filamu lilikuwa la Kiswahili, lakini hadithi ilikuwa ya wageni.

Hadithi za wenyeji zipo, na kubwa kuliko zote haihitaji kutafutwa mbali. Mwezi Novemba 1951, Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuliwasilisha shauri la ardhi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ni vigumu kufikiria mchezo wa kuigiza wenye mgogoro, safari na wahusika kuliko huo. Hata hivyo, mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku nyumba zilipochomwa sasa amevuka miaka 80, na kila mwaka unaopita hupunguza idadi ya wanaoweza kusimulia walichokiona kwa macho yao.

Hapo ndipo warsha ya maigizo inapopata maana yake. Wazazi wengi hudhani kuwa warsha ni mahali pa kukariri maneno na kuchekesha watu. Utaratibu uliojengwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, unaojulikana kama sanaa za maonyesho kwa maendeleo, huanza mbali na jukwaa. Vijana huenda kwanza kwa wakazi, huuliza na kusikiliza. Hurudi, huchambua waliyoyapata, kisha hutunga mchezo kwa kujaribu matukio kwa mwili na sauti kabla ya kuandika chochote. Baada ya onyesho, watazamaji hupewa nafasi ya kusema, na mara nyingi mjadala huo hudumu kuliko mchezo wenyewe. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 chini ya Profesa Penina Mlama na wenzake, ulitumia njia hiyo katika shule za sekondari, na wasichana wakaweza kuyasema jukwaani mambo waliyoshindwa kuyasema ofisini kwa mwalimu.

Mzazi anayeombwa ruhusa na mwanawe asikatae haraka, lakini asikubali bila kuuliza. Mazoezi yanaanza na kumalizika saa ngapi? Nani mtu mzima anayewajibika? Wasichana wanarudije nyumbani giza likiingia? Kikundi kisicho na majibu ya maswali hayo bado hakijawa tayari kuchukua watoto wa watu.

Sasa kuhusu kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inahusu filamu na maonyesho ya jukwaani kwa pamoja. Mchezo unaoonyeshwa kwa umma huhitaji idhini. Filamu huhitaji hatua mbili: kibali kabla ya kupiga picha, kisha ukaguzi na kupangiwa daraja la umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa. Filamu fupi iliyopigwa kwa simu ya mkononi ni filamu vilevile. Usajili wa kikundi chenyewe ni jambo jingine. Huo uko chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mlango wa kwanza wa yote hayo ni Afisa Utamaduni wa Halmashauri.

Ni kweli kwamba utaratibu huu huchosha, hasa kwa kikundi kinachotoka Leguruki kwa nauli ya kuchangishana. Kinachochosha zaidi ni kurudishwa. Viongozi wa kikundi waje na mswada uliokamilika, orodha ya wanachama na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji au kata, na waje wiki kadhaa kabla ya onyesho. Malipo yoyote yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi itunzwe. Pesa isipokelewe mkononi na mtu yeyote.

Jambo linaloviumiza vikundi kuliko kukosa kibali ni kutojua nani mwenye kazi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa. Kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, huleta ushahidi pale mwingine anapodai ni yake. Wanachama waandike mapema, kwa karatasi iliyosainiwa, nani ametunga na mapato yatagawanywaje. Sheria hiyo hiyo huwageukia pia. Kijana anayeweka wimbo wa msanii maarufu kwenye filamu yake bila idhini anatumia mali ya mtu, na filamu nzuri inaweza kukwama kwa sababu ya dakika mbili za muziki. Ngoma na nyimbo zilizotungwa na kikundi chenyewe huondoa tatizo hilo, na aghalabu hufaa zaidi.

Kwa upande wa fedha, vijana waliosajiliwa kama kikundi chenye shughuli ya uzalishaji wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Maombi hupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mkopo hurejeshwa, kikundi ambacho hakijawahi kuuza tiketi hata moja kifikirie mara mbili.

Wanaotazama mbali zaidi wajue kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, imekuwa ikiendesha tamasha lake tangu mwaka 1982, na Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwepo tangu miaka ya 1990. Yote mawili hutangaza mwaliko wa kazi miezi kadhaa kabla, hivyo kazi inayoanza kutengenezwa baada ya tangazo kwa kawaida huchelewa.

Vikundi vinavyopanga kukusanya masimulizi ya mwaka 1951 vinashauriwa kupitia kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na ukoo husika, kumweleza mzee kazi itakapoonyeshwa, na kumwomba ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Akikataa jina lake lisitajwe, lisitajwe.