Kusikiliza Ubongo wa Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Mgonjwa aliyepasukiwa na mshipa wa damu kichwani anaweza kunusurika siku ya kwanza, mshipa ukazibwa, na ndugu wakaanza kupumua. Hatari ya pili huja baadaye, hasa kati ya siku ya 4 na ya 14. Damu iliyomwagika juu ya ubongo huisumbua mishipa hata ikasinyaa, na sehemu za ubongo zikakosa damu. Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 hupatwa na hali hiyo.

Mwenye fahamu ataonyesha dalili: mkono utalegea, maneno yatapotea. Aliye mahututi hana la kuonyesha. Picha ya CT nayo mara nyingi huonyesha eneo lililokwisha kufa.

Ila umeme wa ubongo hutangulia. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Kiasi hicho kikishuka hadi 25 au 30, mawimbi ya kasi kama ya alfa huanza kufifia, na kikizidi kushuka, yale ya polepole ya delta huzidi. Kikishuka chini ya 10, seli hufa upesi. Katikati ya viwango hivyo ndimo ulimo muda wa kuokoa.

Kipimo cha umeme huo, EEG, si kigeni. Daktari Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Jipya ni kukiacha kichwani usiku na mchana, huku kompyuta ikilinganisha alfa na delta saa baada ya saa. Mwaka 2004, daktari Jan Claassen na wenzake jijini New York walionyesha kuwa uwiano huo hushuka ubongo unapopungukiwa damu.

Hata hivyo, dawa za usingizi na degedege pia hubadilisha mawimbi. Kwa hiyo uwiano ukishuka, madaktari huthibitisha kwa Dopla ya kichwa, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, au kwa picha ya mishipa, kisha hupandisha shinikizo la damu au huitanua mishipa kwa puto dogo linalopitishwa ndani yake.

Hospitali inayonunua mashine ya EEG lazima iajiri na mtu wa kuisoma hata saa nane usiku. Onyo lisilosomwa halimwokoi mgonjwa.