Matunda ya Uluguru Katika Chupa

Milima ya Uluguru haikunyimwa neema ya matunda. Mgeta hutoa plamu na fyulisi, matunda yapendayo baridi. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo hutoa mananasi, machungwa na ndizi. Lakini neema hiyo huja kwa mkupuo. Miti huzaa yote kwa pamoja, matenga hushushwa mpaka Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro, bei huanguka, na matunda yasiyopata mnunuzi huoza. Baada ya miezi michache plamu haionekani tena hata kwa fedha. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi ya kuhifadhi matunda katika chupa, kazi ambayo mtu asiyepata kuifanya aweza kujifunza kwa sufuria, moto na uangalifu. Neno hili la uangalifu twalitia kwa makusudi, maana kazi hii ikifanywa kwa kubahatisha yaweza kuua.

Aliyeianzisha alikuwa Mfaransa, mpishi na mtengeneza peremende, jina lake Nicolas Appert. Alitia chakula katika chupa za kioo, akazifunga kwa vizibo, kisha akazichemsha ndani ya maji. Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa vitani na yenye majeshi mengi ya kulisha, ilimpa tuzo ya faranga 12,000, na mwaka 1810 akatoa kitabu cha kueleza ufundi wake. Sababu yenyewe haikufahamika vema mpaka miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba chakula huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Moto huviua, na kifuniko kilichoshika sawasawa huzuia vingine visiingie.

Basi, je, kila chakula chaweza kuhifadhiwa hivyo? La. Yuko kijidudu mmoja akaaye udongoni ambaye hujifanya mbegu ngumu, na mbegu hiyo haifi katika maji yachemkayo, hata ukichemsha kwa saa kadhaa. Tena hapendi hewa. Chupa iliyofungwa vizuri, ambayo sisi twaiona kuwa salama, kwake ni nyumba njema. Humo huota na kutoa sumu. Ugonjwa wake huitwa botulizimu. Mgonjwa huanza kuona vitu viwiliviwili, kope humwangukia, hawezi kumeza, na mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1980 madaktari walieleza habari za watu wa Kenya waliopatwa na ugonjwa huu, wengine wakafa, baada ya kula kumbikumbi waliokuwa wamefungwa katika mifuko ya plastiki. Hapakuwa na chupa wala kopo. Kukosa hewa kulitosha.

Kitu kimshindacho kijidudu huyu ni ukali, yaani asidi. Katika chakula kikali mbegu yake haioti. Plamu, nanasi na embe bichi ni vikali vya kutosha, kwa hiyo maji yachemkayo yatosha kuvihifadhi. Maharagwe, njegere, karoti, kabichi, mahindi, nyama na samaki si vikali, na havifai kabisa kwa njia hii. Hivyo hutaka chombo maalumu kifungacho mvuke mpaka joto lifike digrii 116 au zaidi, nacho si sawa na sufuria ya mvuke ya kupikia maharagwe nyumbani. Papai na ndizi mbivu, ijapokuwa ni matunda, zina asidi haba, anayeanza aziache.

Hapa mlima nao una neno lake. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwa digrii 100. Kila tupandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa digrii moja. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, na tofauti yake ni ndogo; lakini katika vijiji vya Mgeta vilivyo karibu na mita 1,600, maji huchemka kwa digrii 95 tu. Yanatokota na kurusha mvuke kama ya pwani, lakini hayana moto ule. Kuongeza kuni hakusaidii lolote. Dawa yake ni kuongeza dakika. Chupa ya nusu lita ya plamu huchemshwa dakika 20 pwani, dakika 25 Morogoro, na dakika 30 Mgeta. Apitaye mita 1,800 achemshe dakika 35.

Chagua chupa za mdomo mpana zilizotengenezwa kwa kazi hii, zisizo na ufa, na vifuniko vipya vyenye mpira. Kifuniko kilichokwisha kutumika mara moja hakishiki tena vema, na kukirudia ni ubahili wa hasara. Osha chupa, uziweke katika maji ya moto zisije zikapasuka. Plamu ziwe nzima, zisizooza. Zitoboe kwa uma, uzichemshe dakika mbili katika maji ya sukari, uzizime, uzifunike na kuziacha nusu saa. Sukari ni kwa ajili ya ladha na rangi. Asiye nayo atumie maji matupu. Jaza chupa pamoja na maji yale ya moto, ukiacha nusu inchi juu, toa mapovu kwa kijiti safi, pangusa mdomo, kisha funga bila kukaza mno. Tandika kitambaa chini ya sufuria, panga chupa, na maji yazifunike kwa inchi moja au zaidi. Dakika huhesabiwa tangu maji yatokotapo, si tangu sufuria iwekwapo motoni. Ukiziopoa ziweke juu ya kitambaa, usiziguse mpaka kesho yake. Kifuniko kilichoshika hubonyea katikati. Kikiruka chini ya kidole, chupa hiyo iliwe siku ile ile.

Nyanya ziko mpakani, nyingine kali, nyingine si kali, na ulimi hauwezi kupima. Kila nusu lita itiwe robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki ya unga, na nyanya zilizomenywa, kupondwa na kuchemshwa zikae katika maji yatokotayo dakika 40 Morogoro na 45 Mgeta. Ndimu ya shambani haitoshi kuaminiwa, maana ukali wake hubadilika.

Weka chupa mahali penye giza na ubaridi. Ikivimba, ikivuja au ikifoka wakati wa kufunguliwa, isionjwe hata kidogo. Ifukiwe mbali na mbwa na kuku. Na maharagwe, kunde na majani yake? Hayo yaendelee kukaushwa juani kama wafanyavyo mama zetu, maana penye ukavu kijidudu yule hana maji ya kuotea.