Sombe bila kalanga: kupikia mtoto mdogo mwenye alerji ya chakula

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Uvira, kalanga ni sehemu ya kila sufuria. Iko ndani ya sombe, ndani ya lengalenga, kwenye mchuzi wa samaki mkavu na kwenye uji wa asubuhi. Mchana inauzwa ya kukaangwa kwenye kila kona ya barabara. Mtoto wa miaka miwili mwenye alerji ya kalanga anakutana nayo kabla hata ya kujua jina lake.

Alerji ya chakula inatokea pale kinga ya mwili inapokosea na kushambulia chakula cha kawaida kana kwamba ni mdudu wa ugonjwa. Vyakula vinavyoleta shida hiyo mara nyingi kwa watoto vinajulikana: maziwa ya ng'ombe, mayai, kalanga, soya, ngano, samaki, kamba, ufuta na njugu za miti kama korosho. Dalili hazichelewi. Mara nyingi zinaonekana ndani ya dakika chache, na kwa kawaida hazipiti saa mbili: ngozi inavimba mabaka na kuwasha, midomo au macho yanavimba, mtoto anatapika, anakohoa, sauti inabadilika, pumzi inakuwa ya taabu. Mtoto anayepata gesi na kuhara tu kila akinywa maziwa anaweza kuwa na shida nyingine, ile ya tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Hiyo inasumbua, lakini haifungi koo.

Si kila uvimbe ni karuho

Hapa kwetu kuna jambo linalofanya alerji iwe nzito kuliko kwingine. Mtoto akila kwa jirani, akarudi nyumbani midomo imevimba na anatapika, neno la kwanza linalotoka mdomoni mwa watu ni sumu, ile ambayo wengi wanaiita karuho. Majirani waliokaa pamoja miaka kumi wanaacha kusalimiana kwa sababu ya kipande cha biskwi chenye maziwa. Na wakati watu wazima wanatafuta nani wa kulaumu, mtoto anapewa maziwa au mafuta ya mawese ili «kukata sumu». Kama alerji yake ni ya maziwa, dawa hiyo ni kumuongezea kile kile kilichomuangusha.

Ikiwa pumzi inapiga filimbi, sauti imekauka, mtoto amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, au ametapika huku ngozi imejaa mabaka, asinyweshwe kitu chochote. Alazwe miguu ikiinuliwa kidogo. Kama anahema kwa shida aachwe akae, lakini asitembezwe wala kusimamishwa. Apelekwe mbio kwenye kituo cha afya au hospitali, akibebwa. Dawa inayookoa ni adrenalini, sindano inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Kalamu za adrenalini ambazo wazazi wa Ulaya wanatembea nazo ni ghali na ni vigumu kuzipata huku, lakini chupa ndogo ya adrenalini na sindano ya kawaida vinafanya kazi ile ile mkononi mwa muganga. Kwa hiyo ulizeni leo, mtoto akiwa mzima, ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini na chenye muganga usiku. Dawa za kuondoa mwasho zinatuliza ngozi tu. Hazifungui pumzi, na kuzisubiri zifanye kazi ni kupoteza dakika.

Vipimo vya ngozi na vya damu havipatikani katika vituo vyetu vingi, na pale vinapopatikana bei yake si ya kila mtu. Kinachobaki ni daftari. Andika saa mtoto alipokula, kila kilichokuwa ndani ya chakula, saa dalili zilipoanza na zilivyokuwa. Muganga mwenye daftari kama hilo mbele yake anafanya kazi nzuri zaidi kuliko yule anayeambiwa tu «alikula akavimba». Daftari linasaidia pia kutopiga marufuku vyakula ovyo. Kalanga ni jamii moja na maharagwe, lakini watoto wengi wenye alerji ya kalanga wanakula maharagwe bila shida. Kinyume chake, maziwa ya mbuzi, ambayo watu wengi wanayashauri kwa moyo mwema, yanafanana sana na ya ng'ombe: karibu kila mtoto anayekataliwa na maziwa ya ng'ombe atakataliwa na ya mbuzi.

Kinu, mashini na mafuta ya jana

Mama anaweza kuacha kununua kalanga, na mtoto bado akavimba. Sababu haiko kwenye sahani. Iko kwenye vyombo vya pamoja.

Tuanze na mashini ya kusaga. Mtu wa mbele yako alileta kilo mbili za kalanga au soya, wewe unaleta mahindi na mtama wa uji. Unga wako wa kwanza unatoka umebeba mabaki yake, na kwa mtoto mwenye alerji kali kiasi kidogo sana kinatosha. Kwenda asubuhi kabla ya wengine kunapunguza hatari lakini hakuiondoi, maana mabaki ya jana yamebaki ndani. Bora kuwa na kinu kidogo cha nyumbani, au kutafuta mashini inayosaga mahindi na muhogo peke yake. Kinu cha mbao nacho kina nyufa. Kama kimetwanga kalanga miaka mitano, hakuna maji yatakayokisafisha vya kutosha, kwa hiyo cha mtoto kiwe kipya na kisiazimishwe.

Mafuta ya kukaangia ni hivyo hivyo. Sambaza ikikaangwa leo, kesho viazi vikaingia kwenye mafuta yale yale, viazi hivyo vina samaki. Kuchemsha na kukaanga hakuui alerji ya kalanga wala ya samaki. Kuna watoto ambao hata mvuke wa samaki anayechemka unawakohoza, na hao wasikae karibu na mbabula siku hiyo. Mikono pia: iliyoshika kalanga ioshwe kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi, na dawa za kupaka mikononi haziondoi kalanga.

Kwa dada yangu, mtaani Kadutu, walianza kwa kupika sufuria mbili, moja ya nyumba na moja ndogo ya mtoto. Haikudumu. Mwiko ulihama sufuria, wakubwa walimlisha mdogo kutoka kwenye sahani yao, na makaa yalikwisha mara mbili kwa siku. Sasa ni sufuria moja bila kalanga kwa wote, na anayetaka kalanga anaila nje, ananawa kwa sabuni, ndipo anaingia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia inayowezekana katika nyumba zetu, ambako watoto wanne wanazunguka sahani moja.

Sombe haikosi ladha kwa ajili hiyo. Inatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kama inavyotakiwa siku zote kwa majani ya muhogo. Kisha vinaingia kitunguu, pilipili tamu, bilinganya nyingi na mafuta ya mawese. Bilinganya ikiiva sana inayeyuka na kushika mchuzi mahali pa kalanga. Kama samaki si shida, ndakala zilizosagwa zinaongeza ladha. Mabibi wengine watanung'unika wiki ya kwanza. Wataizoea.

Kuondoa bila kurudisha ni hatari nyingine. Kalanga, mayai na maziwa ndivyo vinavyompa mtoto mafuta na protini, na mtoto anayebaki na fufu na maji ya mboga atakonda mbele ya macho yako. Uji wa mahindi na mtama unaweza kutiwa maharagwe yaliyoiva hadi kulainika, yakamenywa maganda na kupondwa, pamoja na kijiko cha mawese. Masoso ya kawaida ina soya, kwa hiyo haifai kwa mtoto mwenye alerji ya soya. Avoka inatoa mafuta mazuri bila kupikwa. Kwa asiyekunywa maziwa, ndakala wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani zinasaidia mifupa, na ziwa la mama linabaki chakula bora: OMS inashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Mandazi ya bila mayai yanashikana vizuri ukitia ndizi mbivu iliyopondwa.

Mtoto wa umri huo anapenda kugusa kila kitu, basi apewe kazi. Akae kwenye mkeka mbali na moto, achambue maharagwe, akate majani ya lengalenga kwa vidole, aoshe tomati, akoroge unga kwenye maji baridi. Mwaka mmoja wa kazi hizo unamfundisha majina ya vyakula, na majina ndiyo kinga yake ya kwanza. Wa kwetu ana miaka miwili na nusu na tayari anamwambia kila mgeni: «Miye sikulake kalanga.» Wakubwa wanacheka, lakini wanarudisha mkono.

Walio nje ya nyumba nao waambiwe waziwazi: jirani, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, mama wanaolea watoto kanisani siku ya Jumapili. Paketi zinasomwa kila mara, hata za biskwi uliyoizoea. Maneno ya Kifaransa ya kutafuta ni «arachide», «lait», «lactosérum», «caséine», «œuf», «blé», «soja», «poisson», na onyo la «traces de».

Muganga naye aambiwe, hasa mahali pawili. La kwanza ni kwenye matibabu ya utapiamlo. Plumpy'Nut, ile pakiti inayookoa watoto wengi katika mikoa yetu, imetengenezwa kwa kalanga na maziwa ya unga, kwa hiyo mtoto mwenye alerji ya kimoja kati ya hivyo atafutiwe njia nyingine. La pili ni chanjo za miezi 9. Chanjo ya surua inaweza kutolewa kwa mtoto mwenye alerji ya mayai. Ile ya homa ya manjano inatengenezwa ndani ya mayai, na muuguzi anapaswa kujua kabla ya kuchoma.

Je, mtoto anayefuata anyimwe kalanga kwa woga? Hapana. Mwaka wa 2015 huko London, timu ya profesa Gideon Lack ilitangaza matokeo ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa. Waliolishwa kalanga tangu uchanga hadi miaka mitano walipata alerji yake kwa kiasi kidogo sana kuliko walionyimwa: kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha chochote mwanzoni, ilikuwa asilimia 1.9 dhidi ya asilimia 13.7. Mama zetu waliotia kalanga laini kwenye uji baada ya miezi sita hawakukosea. Mtoto mchanga mwenye ukurutu mkali aonwe na muganga kwanza. Na kalanga nzima isipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, maana inaziba njia ya pumzi, wala kalanga yenye ukungu isipewe mtu yeyote.

Watoto wengi wanaacha alerji ya maziwa na ya mayai wanapokua. Ya kalanga inaondoka kwa karibu mtoto mmoja kati ya watano. Kuijaribu tena ni kazi ya hospitalini, asubuhi, mtoto akiwa hana homa wala kikohozi, adrenalini ikiwa imeandaliwa pembeni, na si siku ya Noeli mezani kwa bibi.