Mzazi, usiishie kutazama alama ya insha

Chukua mfano wa mama anayeuza chai na vitafunwa stendi ya Chalinze. Jioni binti yake wa kidato cha nne anarudi na daftari: barua ya kuomba kazi, alama 7 kati ya 15. Mama anashangaa. Binti huyu akianza kusimulia jambo, hata wateja husahau chai ikapoa. Je, mwalimu kamwonea?

Mara nyingi hakuna aliyeonewa. Insha ya mtihani haipewi alama kwa jinsi ilivyomfurahisha msomaji. Huwa na mwongozo wa usahihishaji, unaogawa alama sehemu kwa sehemu: muundo, maudhui na matumizi ya lugha. Mgawanyo hutegemea swali.

Mathalani, mwalimu ametenga alama 4 za muundo, 7 za maudhui na 4 za lugha. Binti kapata 5 za maudhui, maana hoja anazo. Kwenye muundo kapata 1: kasahau anwani ya anayeandikiwa, hakuweka kichwa cha barua wala sahihi. Kwenye lugha kapata 1 pia: kaandika "alafu" badala ya "halafu", "ata" badala ya "hata", na aya nzima haina nukta. Jumla ni 7. Hakukosa akili, kakosa mambo ambayo yanafundishika.

Kwa nini ukali huo? Mtihani wa taifa husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973. Huko karatasi ya mtoto wa Chalinze hubeba namba, si jina. Anayeisahihisha hamjui mtoto, wala hajui kama kwao kuna umeme. Bila mwongozo mmoja, insha ileile ingeweza kupata 12 kwa msahihishaji huyu na 6 kwa mwenzake. Mwongozo humlinda mtoto.

Hata hivyo, mwongozo una mipaka yake. Kuna watoto wanaokaririshwa insha nzima, wakifika kwenye chumba cha mtihani wanaimwaga hata kama swali limeuliza jambo jingine. Muundo unakuwa safi, lakini alama za maudhui zinapotea. Kukariri hakuwezi kuchukua nafasi ya kusoma swali.

Mzazi afanye nini? Kwanza, asianze na fimbo wala maneno makali. Amuulize mtoto: alama zimepotea wapi? Kama daftari lina jumla tu, aende shuleni amwombe mwalimu kwa heshima amwonyeshe mgawanyo.

Pili, mtoto aandike insha moja kila wiki nyumbani, kisha aisome kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma atasikia mahali pasipo na pumzi, na ataweza kuuliza mwanzo uko wapi na mwisho uko wapi.

Tatu, Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa na kuziweka kwenye tovuti yake. Humo mna mifano ya majibu mazuri na mabovu, pamoja na sababu zake. Simu moja ya ndugu au jirani inatosha kuzisoma.

Yule mama wa stendi hahitaji kujua sarufi. Akishajua kwamba alama 3 zilipotea kwenye muundo, kesho atamuuliza binti swali moja tu kabla hajafunga daftari: "Mwanangu, anwani zote mbili umeweka?"