Tathmini na Haki katika Karakana za Makumbusho: Suala la Istilahi

Istilahi njema ni ile imwezeshayo msemaji kutenga mambo mawili ambayo, pasipo istilahi hiyo, angeyachanganya. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza uwanja mmoja ambamo Kiswahili kinahitaji istilahi za namna hiyo, nao ni tathmini ya elimu ipatikanayo katika karakana zilizomo ndani ya nyumba za makumbusho. Tutaonyesha kwamba neno tutakalolichagua laweza kumfanya mtoto aliyejifunza aonekane kuwa hakujifunza kitu.

1. Karakana hizo ni za namna gani?

Kwa desturi ya zamani, mgeni wa makumbusho hutazama vitu vilivyofungiwa katika makabati ya vioo, husoma maelezo, kisha huenda zake. Kugusa ni mwiko. Miongoni mwa walioipinga desturi hiyo ni mwanafizikia wa Kimarekani, Frank Oppenheimer, aliyeanzisha Exploratorium mjini San Francisco mwaka 1969. Humo vyombo viliwekwa ili vishikwe na vichezewe. Hatua iliyofuata baadaye ilikuwa kubwa zaidi: mgeni hapewi chombo kilichokwisha kutengenezwa, bali hupewa mbao, waya, betri, vitambaa, gundi na zana, ajiundie chake mwenyewe. Makumbusho ya Watoto ya Pittsburgh yalifungua karakana ya aina hiyo mwaka 2011, na New York Hall of Science ikafuata mwaka 2012.

Mahali hapo tupaiteje? Neno kiwanda liliwahi kuwa na maana ya uwanja wa kufanyia kazi za mikono, lakini leo msikilizaji hufikiria mitambo mikubwa na moshi. Maabara nayo imekwisha kushikwa na majaribio ya sayansi. Karakana yafaa zaidi, maana ndimo wanamokata, wanamounga na wanamotengeneza. Dosari yake ni moja: karakana ya kawaida ni ya mafundi, na asiye fundi hukaribishwa mlangoni tu. Kwa hiyo twapendekeza karakana huria. Kivumishi huria kimekwisha kuzoeleka katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho chaeleza vyema mahali palipo wazi kwa kila mtu. Hata hivyo, kama tutakavyoona, jina hilo ni ahadi, na ahadi ni deni.

2. Kutahini, kupima na kutathmini

Maneno haya matatu aghalabu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kutahini ni kuuliza swali ambalo jibu lake limekwisha kuwekwa. Kupima ni kulinganisha kitu na kipimo kilichokubaliwa, kama mita au kilo. Kutathmini, neno la ukoo mmoja na thamani, ni kuamua ubora wa jambo baada ya kulichunguza kwa ushahidi.

Katika karakana huria mtihani haufai. Mgeni huja kwa hiari yake, hukaa kwa muda anaoupenda, wala hana muhtasari wa masomo. Wawili waliokaa meza moja huenda wakaunda vitu visivyofanana hata kidogo. Je, tukitazame kile kilichoundwa? Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtathmini atazamaye chombo kilichokamilika peke yake huona kieleacho tu, asione kuundwa kwake.

Mfano ni mashine ya goroli, kazi ijulikanayo sana katika Exploratorium. Mtoto hupewa ubao uliosimamishwa wenye vitundu, vijiti, vipande vya mifereji na mabomba, naye hutakiwa kuipitisha goroli polepole hadi chini. Goroli huruka nje. Mtoto huinamisha mfereji, hujaribu tena, huongeza kizuizi, humwita mwenzake aishike. Huenda muda ukaisha kabla ya goroli kufika chini. Kwa kipimo cha mtihani, huyo ameshindwa.

Watafiti wa makumbusho hayo, miongoni mwao Bronwyn Bevan na Joshua Gutwill, katika maandishi waliyoyatoa mwaka 2015, walifuata njia nyingine. Walirekodi wageni kwa video wakiwa kazini, kisha wakatafuta katika mwenendo wao dalili za kujifunza. Dalili hizo walizigawa katika mafungu manne, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita hivi: ushughulikaji, yaani kuzama katika kazi na kudumu humo, kujianzishia, yaani kujiwekea lengo na kutovunjika moyo mambo yanapoharibika, usaidiano, yaani kuomba na kutoa msaada, na kuazima mawazo ya jirani, na ukuaji wa welewa, yaani kueleza sababu ya jambo na kulitumia lililofahamika katika tatizo jipya. Kwa kigezo hicho, mtoto wa goroli ana mengi ya kuonyesha.

3. Usawa hautoshi

Hapa ndipo suala la haki linapoingia. Makumbusho mengi hudhani kwamba yametenda haki yakifungua mlango na kuhesabu walioingia. Lakini mtu huweza kuingia ndani na bado akajiona mgeni. Mwaka 2013 Leah Buechley alieleza uchunguzi wake wa majalada ya Make, jarida la Kimarekani lililoanza mwaka 2005 na kuvuma sana miongoni mwa wapenzi wa uundaji. Waliopigwa picha humo walikuwa wengi wao wanaume na wavulana, na watu weusi hawakuwamo. Kijana asiyejiona katika picha hizo hufundishwa, pasipo kuambiwa neno, kwamba uundaji si wake.

Mwaka 2016 Shirin Vossoughi, Paula Hooper na Meg Escudé waliendeleza hoja hiyo. Walisema kwamba uundaji si jambo jipya lililozaliwa pamoja na mashine za kompyuta. Kushona, kusuka, useremala na kutengeneza vilivyoharibika ni kazi ambazo watu wa kila utamaduni wamezifanya tangu kale, hasa wanawake na wafanyakazi wa hali ya chini, ila hazikuheshimiwa kuwa ni elimu. Msomaji wetu hatalishangaa jambo hilo. Mtoto aliyejiundia gari la waya uani kwao hakungoja jina la kigeni ndipo awe mbunifu.

Neno usawa, tulizoealo, lina maana ya kumpa kila mtu sawa na mwenzake. Kinachotakiwa hapa ni kumpa kila mtu kinachomstahili kwa kadiri ya hali yake na ya vikwazo alivyowekewa. Uadilifu ungefaa, lakini siku hizi hutumiwa zaidi kwa tabia njema ya viongozi na watumishi. Twapendekeza lifufuliwe neno insafu, lenye maana ya kutenda haki bila ya upendeleo.

Haja ya insafu katika tathmini yaonekana katika neno letu wenyewe, utundu. Mtundu ni mtoto asiyetulia, mharibifu wa vitu. Mtundu pia ni mtu hodari wa kubuni na kugundua. Lugha imeziweka sifa na lawama katika neno moja, na mwenye kuhukumu ndiye achaguaye. Watoto wawili wakifungua saa ileile, mmoja husifiwa kwa udadisi wake, na mwingine huambiwa aache kuharibu. Mtathmini asiyejihoji ni kwa nini amechagua maana hii kwa huyu na ile kwa yule, hata akiwa na fomu nzuri namna gani, atakuwa ameandika chuki zake kwa tarakimu.

4. Istilahi tunazozipendekeza

(a) Karakana huria: mahali ndani ya makumbusho ambapo mgeni yeyote hujiundia vitu kwa zana na vifaa alivyowekewa.
(b) Utundu bunifu: kujaribujaribu vitu kwa mikono ili kugundua vinavyofanya kazi.
(c) Tathmini ya mwenendo: kuamua ubora wa kujifunza kwa dalili zinazoonekana wakati wa kazi.
(d) Fursa ya kuingia: uwezo wa kufika mahali na kupokewa.
(e) Insafu ya elimu: kumpa kila mwanafunzi kinachomstahili, na kuuthamini ujuzi aliotoka nao kwao.

Istilahi (d) na (e) zisichanganywe kamwe. Ya kwanza huhesabiwa mlangoni. Ya pili huonekana mezani, mahali mtoto anapofanya kazi. Makumbusho yatakayoripoti ya kwanza kwa jina la ya pili yatakuwa yamejiita huria kabla ya kuilipa ahadi yake.